Nani Aliyeipima Hewa? Somo juu ya Kupanga Uchunguzi

Siku hizi ni shida kupata baraza la wazee lisilozungumza habari za mvua na jua. Mmoja asema vuli haiji kama zamani. Wa pili asema joto limezidi. Wa tatu, mwenye kusoma magazeti, asema sababu yake ni hewa ya ukaa itokayo katika mitambo na magari. Hapo ndipo mtu mmoja huuliza: Nani aliyeipima hewa hiyo, naye alijuaje? Wengine humcheka, lakini swali lake ni jema. Asiyeuliza hivyo atapokea kila neno, la kweli na la uongo pamoja. Basi katika somo hili twataka kueleza jinsi kazi moja ya uchunguzi ilivyopangwa tangu mwanzo, ili wasomaji wajue kazi ya namna hii husimama juu ya nini, tena yaweza kuangushwa na nini.

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Hewa ya ukaa, ambayo wataalamu huiita kaboni dioksidi, haionekani wala haina harufu. Hutoka kila mahali kuni zinapowaka, mtu anapopumua, na majani yanapooza. Majani mabichi nayo huivuta wakati wa mchana kwa nguvu ya jua, yakajengea mti. Kiasi chake katika hewa yote ni kidogo mno. Mtu akihesabu punje milioni moja za mahindi, yaani kama magunia matatu, kisha akatoa humo punje mia tatu na kidogo, hazitajaza kikombe cha chai. Hicho ndicho kiasi kilichokuwamo katika hewa miaka ya 1950.

Lakini udogo wake usitudanganye. Mwaka 1856 mama mmoja wa Marekani, Eunice Foote, alijaza hewa hii katika bomba la kioo, akaliweka juani, akaona lapata joto kuliko bomba lenye hewa ya kawaida, tena lakawia kupoa. Mwaka 1859 John Tyndall huko London alianza kupima jambo hili kwa vyombo bora. Aligundua ya kwamba hewa ya ukaa na mvuke wa maji hupitisha nuru ya jua ishuke chini, lakini huzuia joto la nchi lisipande juu upesi, kama blanketi lizuiavyo joto la mwili usiku. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akapiga hesabu kwa mkono, kurasa kwa kurasa, akasema hewa ya ukaa ikiongezeka mara mbili, dunia itazidi joto kwa nyuzi 5 au 6. Na mwaka 1938 Guy Callendar, fundi Mwingereza aliyejua mambo ya mitambo ya mvuke, akasema ongezeko limekwisha kuanza kwa sababu ya makaa ya mawe yanayochomwa viwandani.

Wataalamu wengi hawakumkubali Callendar, na sababu zao hazikuwa za kipumbavu. Walisema bahari ni kubwa, nayo itaimeza hewa yote inayozidi. Tena walisema vipimo vya hewa ya ukaa vyapishana mno. Huyu alipima akapata hivi, yule akapima mahali pengine akapata vingine kabisa. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa nchi za Skandinavia walifungua vituo vingi vya kupimia, lakini hesabu zao zilipanda na kushuka kati ya kituo na kituo, na kati ya mwezi na mwezi, hata haikuwezekana kusema kama hewa ya dunia yaongezeka au la. Palikuwa na mawazo ya kutosha. Palipungua kipimo cha kuaminika.

Sasa twafika kwa mtu ambaye kazi yake ndiyo somo letu. Charles David Keeling alizaliwa Marekani mwaka 1928, akajifunza elimu ya kemia. Alipokuwa kijana kule California, kazi yake ya kwanza haikuwa juu ya hali ya hewa hata kidogo. Alitaka kujua jinsi hewa ya ukaa inavyopatana na maji ya mito na mawe ya chokaa. Kwa kazi hiyo ilimpasa kujua kwanza kiasi kilichomo katika hewa. Akatafuta chombo cha kufaa, asikione. Ndipo akajitengenezea mwenyewe cha kioo na zebaki, cha kupima kwa uangalifu mkubwa kuliko ilivyohitajika kwa kazi yake. Akaenda kambini katika msitu wa Big Sur, karibu na bahari, akachukua hewa katika chupa, mchana na usiku, akiamka kila baada ya saa chache.

Aliyoyaona hapo ndiyo yaliyofungua njia. Usiku hewa ya ukaa ilizidi, kwa kuwa miti na udongo hupumua na upepo umetulia. Mchana ilipungua, kwa kuwa majani yaivuta. Lakini saa za alasiri, jua lilipokuwa limeipasha nchi joto na hewa ya chini kuchanganyika na ya juu, kipimo kilikuwa karibu sawa kila siku. Akaenda mahali pengine, jangwani na milimani, akaona alasiri kipimo ni kile kile, kama sehemu 310 katika kila sehemu milioni. Basi akafahamu ya kuwa vurugu la vipimo vya zamani halikuwa la hewa ya dunia. Lilikuwa la mahali na saa. Mwenye kupima karibu na mji hupima moshi wa mji. Mwenye kupima msituni usiku hupima pumzi ya msitu. Atakaye kujua hewa ya dunia yampasa kuitafuta mahali ambapo imekwisha kuchanganyika.

Wakati huo mataifa yalikuwa yakitengeneza kazi kubwa ya pamoja ya kuichunguza dunia, kuanzia Julai 1957 hata Desemba 1958, nayo fedha zilikuwapo. Roger Revelle, mkuu wa chuo cha elimu ya bahari cha Scripps huko La Jolla, alitaka hewa ya ukaa ipimwe katika kazi hiyo. Mwaka 1957 yeye na mwenziwe Hans Suess walikuwa wameandika ya kwamba bahari haimezi haraka kama watu walivyodhani. Harry Wexler, wa idara ya hali ya hewa ya Marekani, naye alikuwa na kituo kipya juu ya mlima Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii. Wote wawili walimtaka Keeling. Hapo pakatokea njia mbili za kupanga kazi, nasi twaomba msomaji azitazame vizuri, maana ndicho kiini cha somo.

Njia ya kwanza, aliyoipenda Revelle, ni kupima mara moja mahali pengi duniani, kwa merikebu na kwa eropleni, kupata hesabu ya wastani; kisha baada ya miaka kama 20 mtu mwingine aje apime tena, alinganishe. Njia hii ilikuwa na akili yake, wala haikuwa ghali mno. Njia ya pili, ya Keeling, ilikuwa kuweka mahali pachache chombo kisicholala, kinachopima saa zote, mwaka mzima. Chombo hicho kilikuwa cha bei kubwa, na wengine waliona uangalifu huo wapita kiasi.

Wako miongoni mwetu waliokabidhiwa kusoma kipimo cha mvua katika stesheni au shuleni, kila siku saa tatu asubuhi. Hao watafahamu upesi. Kama mtu angepima mvua ya Machi ya mwaka mmoja, kisha akaja tena baada ya miaka 20 akapima mvua ya Septemba, angesema mvua imekwisha katika nchi. Hana habari ya masika wala kiangazi. Ili kujua mabadiliko ya miaka, sharti ujue kwanza mabadiliko ya miezi. Na ili kuyajua ya miezi, sharti uyajue ya siku. Asiyejua mwendo wa kawaida wa kitu hawezi kuona kinapoacha njia yake.

Keeling akashinda, kwa sehemu. Chombo kimoja kikapelekwa Antaktika, na kingine Mauna Loa, mahali penye urefu wa mita 3,397 juu ya bahari, katikati ya bahari kuu, mbali na viwanda, juu ya mawe meusi yasiyo na majani. Chombo hiki hakikutumia zebaki. Kilipitisha mionzi ya joto katika hewa iliyovutwa na pampu, kwa kanuni ile ile ya Tyndall. Kadiri hewa ya ukaa ilivyozidi, ndivyo mionzi ilivyopungua, na kalamu ikachora mstari juu ya karatasi. Mwishoni mwa Machi 1958 kikasoma sehemu 313 katika milioni.

Twataka kukaa kidogo juu ya jambo la mitungi, ingawa si la kusisimua. Kila chombo huchoka. Saa ya ukutani huchelewa, na mizani ya sokoni huharibika kwa kutu. Basi chombo cha Mauna Loa hakikuaminiwa peke yake. Kila mara kilipewa hewa ya mtungi wa chuma ambayo kiasi chake kilijulikana, ili ionekane kama chasema kweli. Mitungi ile nayo ilipimwa La Jolla kwa chombo cha zebaki, na kila hesabu ikaandikwa katika daftari. Baada ya miaka mingi wataalamu waligundua ya kwamba hewa ya mitungi, kwa kuwa ilichanganywa na naitrojeni tupu, ilikifanya chombo kisome tofauti kidogo na hewa ya kweli. Je, kazi yote ya miaka ile ilipotea? La. Kwa kuwa madaftari yalikuwapo, hesabu zote za nyuma zilisahihishwa moja moja. Mwenye kuandika matokeo tu, asiandike jinsi alivyoyapata, hana cha kusahihisha.

Tena walichukua hewa katika chupa za kioo, kuhakikisha chombo. Mtu hushika chupa iliyotolewa hewa yote, husimama akielekea upepo, huvuta pumzi na kuizuia, ndipo hufungua. Maana pumzi itokayo kinywani ina hewa ya ukaa mara mia kuliko ile ya mlimani, nayo ingeharibu kipimo chote.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa wasiwasi. Umeme ulikatika, chombo kikasimama. Kilipowashwa tena hesabu ilikuwa imeshuka, kisha ikaanza kupanda. Keeling mwenyewe aliogopa kwamba vurugu la zamani limerudi. Lakini mwaka wa pili mwendo ulikuwa ule ule: hupanda hata Mei, hushuka hata mwisho wa Septemba au Oktoba, hupanda tena. Ilikuwa pumzi ya misitu na mashamba ya kaskazini ya dunia, ambako ndiko kwenye nchi kavu nyingi. Majira ya joto majani huvuta. Majira ya baridi yakioza hutoa. Kule Antaktika kupanda na kushuka huko kulikuwa kudogo sana. Hakuna aliyewahi kuona jambo hili kabla ya hapo, na kwa njia ya kupima mara mbili lisingeonekana kamwe. Na chini ya kupanda na kushuka kwa mwaka palikuwa na jambo jingine: kila Mei ilikuwa juu ya Mei iliyotangulia. Mwaka 1960 Keeling akalitangaza.

Hapa msomaji mwenye akili atatushika. Atasema: Mauna Loa si mlima wa moto? Nao hautoi hewa ya ukaa? Ni kweli, hutoa. Lakini moshi wa mlima huja usiku, upepo ukishuka kutoka kileleni, nao huonekana katika mstari kama miiba ya ghafula. Saa hizo huwekwa kando kwa kanuni iliyowekwa mapema, wala si kwa kupenda au kuchukia hesabu. Zaidi ya hayo, vituo vya Antaktika, Alaska na Samoa, visivyo na mlima huo, vyaonyesha ongezeko lile lile. Jamii ya ukaa ipoteayo kwa miaka, iitwayo kaboni 14, haimo katika makaa ya mawe wala mafuta, kwa kuwa yalizikwa zamani mno. Nayo ilionekana kupungua katika hewa kama ilivyotazamiwa. Tena oksijeni yapungua, kama iwapasavyo watu wachomao kitu. Hata mashahidi hao walipangwa. Kila mmoja alitafutwa kwa ajili ya swali moja: Je, ni moto wetu, au ni kitu kingine?

Leo watu wa dunia hutoa kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi tani bilioni 37 hivi za hewa ya ukaa kila mwaka. Karibu nusu hubaki hewani. Nyingine huvutwa na bahari na mimea. Barafu ya Antaktika, yenye viputo vya hewa ya kale, yaonyesha ya kuwa kabla ya viwanda kiasi kilikuwa kama 280, na kwa miaka 800,000 hakikupita 300 hivi. Mwezi wa Mei 2025 wastani wa Mauna Loa ulipita 430 kwa mara ya kwanza.

Watu wetu huuliza kama moto wa mbuga na mkaa wa kupikia ni sawa na hayo. Nyasi zikiungua zikaota tena, hewa ile hurudi katika nyasi. Msitu uliokatwa usiote tena haurudishi kitu. Kwa makaa ya mawe na mafuta, sehemu ya Afrika yote ni kama 4 katika 100 tu.

Juu ya madhara ya hewa hii hatutasema mengi, maana ni somo jingine. Julai 1979 wataalamu wachache walikutana Woods Hole, Marekani, chini ya Jule Charney, wakasema hewa ya ukaa ikiwa maradufu joto litazidi kwa nyuzi 3, labda moja na nusu zaidi au pungufu. Baada ya zaidi ya miaka 40 ya kazi, taarifa ya mataifa ya mwaka 2021 ilisema bado ni 3, ila shaka imepungua: kati ya 2.5 na 4. Lakini hesabu ya dunia yote haituambii kila kitu cha mlango wetu. Theluji ya Kibo ni mfano. Wengi husema yayeyuka kwa ajili ya joto, basi. Wataalamu waliokwenda kuipima juu huko walikuta ya kuwa ukame wa hewa na upungufu wa mvua ya theluji tangu mwisho wa karne ya 19 vina sehemu kubwa, wala si joto peke yake. Mwalimu asiwafundishe watu zaidi ya kilichopimwa, hata kama neno lenyewe lafaa kwa hoja yake.

Turudi kwenye kazi yenyewe, maana hatari yake kubwa haikutoka mlimani wala kwa wabishi. Ilitoka kwa wenye mfuko. Kupima kitu kile kile kila siku hakuna sifa. Mwaka 1964 fedha za serikali zilipunguzwa, na chombo cha Mauna Loa kikasimama. Baadaye Keeling aliambiwa mara kwa mara ya kuwa kazi yake si uchunguzi tena, ni desturi tu, basi asiombe fedha za uchunguzi. Alishindana nao hata uzee wake. Alikufa mwaka 2005, na mwanawe Ralph akaendelea. Tangu 1974 idara ya serikali ya Marekani nayo hupima palepale kwa vyombo vyake, hivyo mashahidi ni wawili, kila mmoja na daftari lake. Kwetu Afrika ya Mashariki kituo cha kupima hewa kilifunguliwa juu ya Mlima Kenya mwaka 1999, katika urefu wa mita 3,678, nacho kimeijua vema taabu ya kukatika kwa umeme.

Usiku wa 27 Novemba 2022 mlima Mauna Loa ulilipuka. Mto wa moto ulikata njia na nyaya za umeme, chombo kikazimika. Kabla ya wiki nyingi kupita vyombo vingine vilikuwa vimewekwa juu ya Mauna Kea, mlima jirani, na mwaka 2023 kazi ikarudi mahali pake. Hilo lilikuwa pigo la mlima, nalo lilipata dawa upesi. Mwaka 2025 mapendekezo ya bajeti ya serikali ya Marekani yalitaka kufuta fedha za tawi la uchunguzi linalotunza kituo hiki.

Hesabu za Mauna Loa hutolewa bure, mwezi kwa mwezi, na shule yoyote yaweza kuzipata. Mwalimu akiwaandikia wanafunzi ubaoni hesabu za mwaka 1964, atafika Februari, Machi na Aprili, naye hatakuwa na la kuandika. Nafasi hizo tatu ni tupu mpaka leo, kwa kuwa hewa ya miezi ile haikupimwa.